Ndago, Kongwa na Wenzao: Gugu Limeficha Wapi Akiba Yake?

Mwaka 1977 mtaalamu wa magugu Leroy Holm na wenzake walichapisha kitabu kinene kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani. Nafasi ya kwanza waliipa ndago. Ya pili wakaipa ukoka. Ndiyo, ukoka huu huu ambao watu waliojenga Goba, Madale na Kigamboni jijini Dar es Salaam wanaununua kwa viroba, wanauchomeka kipando kwa kipando, wanaumwagilia maji ya kununua na kuwafukuza watoto wasiuchezee mpira kabla haujashika. Mmea mmoja, hatua chache tu kutoka kibarazani hadi kwenye tuta la bamia, unaacha kuwa pambo na kuwa balaa.

Nimeanza na hilo kwa sababu swali la wenye bustani huwa moja tu: dawa ya magugu ni ipi? Kana kwamba magugu ni ugonjwa mmoja wenye kidonge kimoja. Lipo gugu la kung'oa kwa mkono asubuhi moja likaisha, na lipo ambalo ukilikatakata kwa jembe umelipanda upya mara kumi. Kinachoyatofautisha ni mahali kila moja linapoweka akiba yake. Mengine yameiweka kwenye mbegu, maelfu kwa mmea mmoja. Mengine yameifukia ardhini, kwenye viazi na mizizi. Mengine yanatembea nayo, kila pingili ya shina ikiwa tayari kuwa mmea mpya. Ukijua akiba iko wapi, kazi yenyewe inajionyesha.

Mjini hatuulizani hayo. Kijana anakuja Jumamosi na fyekeo, anapiga majani mpaka udongo unaonekana, anafagia, anasema, "Tayari, bosi," analipwa, anaondoka. Ua unapendeza kweli kwa siku kadhaa. Mvua ikinyesha, kinachotangulia kutoka si ukoka uliougharamia. Ni ndago.

Wengi wanaijua ndago kwa jina na wanaikosea kwa sura, maana jani lake ni kama la nyasi yoyote. Achana na jani. Shika shina linalobeba ua, lizungushe katikati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi ni duara, linazunguka bila kukwama. La ndago lina pembe tatu, na utazihisi moja baada ya nyingine. Majani yanatoka chini yakielekea pande tatu, yanang'aa, na juu ya shina kuna kichala cha rangi ya kahawia inayokaribia zambarau.

Sasa ichimbe, usiivute. Chukua mwiko wa fundi au panga bovu, ingia pembeni ya shina kina cha kiganja kizima, inua bonge la udongo ulivunje taratibu kwa vidole. Chini kabisa ya shina utakuta tunguu dogo, gumu. Kutoka hapo unatoka uzi mweusi mkavu, na kwenye uzi huo kuna kiazi cheusi chenye ukubwa wa punje ya karanga. Mbele yake uzi tena, kisha kiazi kingine, na mlolongo unaendelea kupita chini ya njia ya kokoto hadi kwenye tuta la jirani. Kipasue kimoja kwa ukucha: ndani cheupe, na harufu yake ni kali, inakaribia kafuri. India huvikamua mafuta ya manukato. Sisi vinatukamua jasho tu.

Viazi vingi hukaa katika sentimita 15 za juu, ingawa vingine huzama zaidi ya hapo. Kila kimoja kina macho kadhaa, na kwa kawaida huchipua la mbele huku mengine yakilala. Mlolongo ukiwa mzima, viazi vya nyuma navyo hutulia. Unapovuta jani likakukatikia mkononi, au jembe linapoukata ule uzi, kila kiazi kinabaki peke yake na macho yaliyolala yanaamka. Mwenye bustani analalamika kwamba mwaka huu ndago imezidi. Imezidi kwa sababu ya palizi yake mwenyewe.

Dawa yake ya kwanza ni saa ya kuipiga. Ndago inapochipua hula kiazi kilichoizaa. Ikishakuwa na majani manne au matano, kiazi kimepungua nguvu na mmea haujaanza kutengeneza vingine. Hapo ndipo pa kuichokoa. Ukingoja mpaka itoe ua, umechelewa, tayari imeshajaza ghala. Kwa hiyo kazi inarudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, msimu mzima, bila kuruka zamu. Inachosha, sikatai. Lakini kiazi kilicholazimishwa kuchipua mara kwa mara bila kupata nafasi ya kujilipa mwishowe hufa.

Ya pili ni kiangazi. Udongo ukiwa mkavu, fukua tuta zima, toa viazi juu na uviache juani. Jua kali la wiki moja hadi mbili huvikausha vikafa. Ukifanya hivyo wakati wa masika, unavisaidia kuhama tu.

Ya tatu ni kivuli, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ndago hupenda jua tupu, kwenye giza hudhoofika. Panda matembele kwa kubanana, au maboga, au kunde zinazotambaa, na uache mmea wako ufunike ardhi mpaka usiuone udongo. Mtu aliyeshindwa na ndago kwenye kipande cha uani akipande matembele mwaka mzima: atakula mboga huku gugu likikondea chini. Karatasi ya nailoni nyeusi ambayo watu huitandaza kwa matumaini haitoshi, maana ncha ya ndago ni kali na huitoboa. Boksi nene la katoni, lililolowekwa na kufunikwa matandazo ya kina cha kiganja, huizuia kwa muda mrefu kidogo.

Ndago ina ndugu yake, ile ya viazi vya kahawia vilivyo tamu. Huko Valencia, Hispania, huvisaga wakatengeneza kinywaji cheupe wanachokinywa baridi wakati wa joto. Ukiotewa na hiyo, una nusu ya faraja.

Kishona nguo ni mtu wa aina nyingine. Huyu kila mtoto aliyekatiza uwanjani kwenda shule amerudi naye kwenye soksi. Asili yake ni mabara ya Amerika, lakini hapa kwetu amekaa mpaka ni mwenyeji. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 3,000 hadi 6,000, na kila mbegu ina ncha mbili au tatu zenye vijimiba vinavyoelekea nyuma: ikiingia kwenye kitambaa au manyoya ya mbuzi haitoki njia iliyoingilia. Chini, hata hivyo, hana lolote. Mzizi wake ni mwepesi, unang'oka wote kwa mkono mmoja udongo ukiwa na unyevu. Akiba yake yote iko juu, na hiyo ndiyo habari njema. Ung'oe kabla ua halijakauka na kazi imekwisha. Ukiuacha mpaka vichwa vigeuke vyeusi, usiutikise wala usiuburuze kupita bustani nzima: ukate, uingize kwenye mfuko palepale uliposimama.

Mchicha pori na magugu mengi ya msimu yapo kundi hilo hilo, na hapa kuna jambo ambalo wakulima wa mboga wanalijua kuliko sisi wa mauani. Mbegu zilizozikwa hukaa miaka zikingoja. Ukilima kwa kina unazipandisha juu, zinaona mwanga, zinaota. Ndiyo maana tuta lililotifuliwa vizuri huwa kijani kwa magugu kabla mbegu ulizonunua hazijatoa hata jani. Wenye busara huandaa tuta, wakalimwagilia, kisha wasipande kitu. Wanangoja siku kumi hivi, magugu yote ya juu yanaota, wanayapitia kwa kiserema, juujuu tu, sentimita mbili au tatu, bila kugeuza udongo. Hapo ndipo wanapopanda. Kwa kazi hii kiserema kilicholika kinafaa kuliko jembe jipya, kwa kuwa jembe jipya linatamani kuzama.

Katika haya ya mbegu kuna moja ambalo si la mzaha. Wakazi wa Arusha wanalijua kwa jina la gugu karoti. Liliripotiwa huko mwaka 2010 na tangu hapo limekuwa likisafiri kwa magari, mchanga, malisho na mifugo. Likiwa changa linatambaa chini na jani lake limekatikakatika kama la karoti au kosmosi. Likikua linasimama na kupata shina lenye mifereji na vinyweleo, halafu linajaa vijiua vyeupe vidogo ambavyo, ukivisogeza karibu na jicho, utaona vina kona tano. Chini hamna karoti. Mmea mkubwa huweza kumwaga mbegu zaidi ya 10,000. Kuligusa mara kwa mara huwasha ngozi na kuibabua, chavua yake huwapa watu mafua na kubana kifua, na ng'ombe akilila maziwa yake huwa machungu. Ukiliona uani usimtume mtoto alitoe. Vaa glavu, mikono mirefu, funga pua kwa kitambaa, ling'oe na mzizi kabla halijatoa maua, halafu mweleze afisa kilimo wa kata. Afya ya mimea na viuatilifu nchini Tanzania viko chini ya TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, pale Ngaramtoni, Arusha, na taarifa za namna hii zinawahusu.

Kongwa, ambayo wengine huiita kikongwe, ni mtihani mwingine. Majani mapana laini, shina nene lililojaa maji, ua la buluu dogo zuri kiasi kwamba wageni hudhani limepandwa. Huwezi kuiua kwa kuikata. Kila pingili ikigusa udongo wenye unyevu inatoa mizizi, na shina lina maji ya kutosha kulifikisha kwenye mvua inayofuata hata likiwa limelala juu ya njia. Tena ina hila ya pili: mbali na maua ya juu, ina maua mengine yasiyofunguka ambayo hukaa chini ya udongo na kutengeneza mbegu hukohuko. Glaifoseti, dawa ambayo watu huiamini kwa kila kitu, nayo haiimudu vizuri.

Kwa hiyo kongwa hukusanywa. Ipitie tuta zima kwa mkono, fuata shina mpaka mwisho, weka kwenye ndoo, usiache hata kipande. Usiirundike pembeni mwa tuta. Mpelekee mwenye sungura; mtaani hakosekani, na atakushukuru. Asipopatikana, itandaze juu ya zege au bati mpaka ikauke kiasi cha kuvunjika.

Kwa wenzetu wa Moshi, Arusha na nyanda za juu za Kenya, mahali pa ndago kwenye kesi hii panakaliwa na sangari. Wazee wa mibuni wanaifahamu fika. Mizizi yake myeupe, migumu, imefumana chini ya udongo, na kila kipande kinaota. Trekta au jembe la kawaida huikata na kuisambaza. Jembe la uma ndilo lenyewe: unainua udongo, unautikisa, unavuta uzi mzima, unaukausha. Ukoka uliovamia tuta la mboga unatolewa kwa njia hiyohiyo.

Tuje sasa kwenye majani yenyewe, yaani ule uwanja wa kijani mbele ya nyumba, ambao kwa maoni yangu ndio unaoteswa kuliko kitu chochote kilicho hai mjini. Tumezoea kuunyoa kipara. Mashine inashushwa mpaka mwisho, au fyekeo linapita likikwangua, ili tusirudie kazi upesi. Nyasi iliyonyolewa hivyo inapoteza majani ya kutengenezea chakula, mizizi inafupika, ardhi inapata jua, na mbegu zilizokuwa zimelala chini ya kivuli zinaamka. Kanuni ya watunza viwanja ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka ukiachwa sentimita tatu hadi tano, na nyasi za majani mapana kama paspalamu zikiachwa juu zaidi ya hapo, majani yanajipalilia yenyewe kwa kivuli chao.

Magugu ya uwanjani pia yanakupa taarifa za ardhi, ukitaka kuzisoma. Pale gari linapoegeshwa, udongo umeshindiliwa. Hapo ndipo nyasi ngumu zinazolala chini kwa duara hujitokeza, na mziwaziwa wenye utomvu mweupe hujibanza kwenye nyufa. Chimba vitundu kwa jembe la uma, mwaga mchanga na mboji, na ulitafutie gari mahali pengine. Palipo na kifauongo, yule wa kufumba majani akiguswa, mara nyingi nyasi zimedhoofika kwa njaa. Huyu ni jamii ya kunde na anajitengenezea nitrojeni yake, hivyo haoni shida pale wengine wanapoikosa. Watoto wanampenda mpaka wakanyage miba yake peku. Mng'oe udongo ukiwa umelowa, kwa glavu, kisha ulishe nyasi. Mbigili nao ni wa kuwahi, kabla tunda halijakomaa na kutoboa ndala na tairi za baiskeli.

Juu ya uzio, ukiona nyuzi za njano zisizo na jani hata moja zimejisuka kwenye matawi, huo ni mlangamia. Ukishashika hauna tena haja ya ardhi, unanyonya mti uliouzunguka. Kuuvuta kwa mkono kunaacha vipande vinavyoshika upya. Kata matawi yenyewe, yote yaliyoguswa, uyachome.

Na haya yote yameingiaje? Kwa sehemu kubwa tumeyaleta kwa pesa zetu. Lori la udongo mweusi linalomwagwa getini limechimbwa bondeni, na bonde lina ndago. Samadi mbichi ina mbegu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Ingoje irundikwe, ipate joto la nyuzi 55 na zaidi, igeuzwe na kukaa wiki kadhaa, ndipo uitumie. Kwa wauza miche wa barabarani kila mtu anaangalia ua. Angalia kifuko. Kiinue, kitazame chini kwenye vitundu vya kutolea maji: ukiona uzi mweusi au ncha ya jani lenye kung'aa pembeni ya shina, umeuziwa mwaridi na ndago kwa bei moja. Mashine ya kuazima ya kukatia majani nayo ioshwe kabla haijavuka geti.

Sijasahau dawa za kemikali. Zina mahali pake, na zina makundi mawili yanayochanganywa kila siku. 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi, hivyo hutumika uwanjani; lakini mvuke na matone yake yakipeperuka kwenye nyanya au mpapai wa jirani, majani yanajikunja na ujirani unakwenda nayo. Glaifoseti huua karibu kila kitu cha kijani, pamoja na ukoka wako. Ni ya njia za kokoto na kingo, si ya uwanjani. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, iliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu, wakati mamlaka ya mazingira ya Marekani imeshikilia kwamba haielekei kuwa hivyo ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Mabishano hayo hayatupi ruhusa ya kuipuliza kwa kaptula na ndala. Kuhusu parakwati sina maneno mengi: Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2007, na funda moja humtoa mtu roho bila kuwa na dawa ya kuizuia. Haina kazi kwenye ua wa nyumba yenye watoto.

Kibaya zaidi ni dawa iliyogawanywa dukani na kutiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, isiyo na lebo. Usinunue. Chupa ya kiwandani ina jina la kiambata, kipimo, namba ya usajili na muda wa kukaa mbali baada ya kupuliza. Na wale wanaomwaga chumvi au dizeli kwenye njia waache. Gugu litarudi kabla udongo haujapona.

Halafu kuna magugu ambayo mimi siyaiti adui. Mchunga una mizizi mirefu na ni mbishi kuutoa, lakini uchungu wake na nazi juu ya ugali unajulikana Tanga na Unguja. Mgagani, mnafu, tako la hasani lenye majani manene ya maji, hata majani machanga ya kishona nguo, yote ni mboga. Tako la hasani nalo limo katika orodha ya Holm, nafasi ya tisa. Chuma, mradi una hakika hapajapulizwa dawa na hapapiti maji machafu.

Ukimwajiri mtu wa bustani, mkubaliane saa moja au mbili kila wiki badala ya siku nzima kila mwezi, kwani ndago haingoji mwisho wa mwezi. Mnunulie kiserema na jembe la uma kabla ya fyekeo jipya. Siku ya malipo angalia lundo lake: kama ni majani matupu, kazi ya chini bado. Viazi alivyotoa visiingie kwenye shimo la mboji wala visitupwe nje ya geti, maana mvua ya kwanza itavisomba kwenye mtaro mpaka kwa jirani wa bondeni. Vianikwe juu ya bati wiki mbili, kisha vichomwe.